Kamera za Kale Mikononi mwa Wajukuu

Msimu wa baridi uliopita tulialikwa hapa Maskati kuangalia maonyesho madogo ya picha, na baada ya kuyaangalia tukaombwa tuyaandikie machache katika jarida hili. Tumechelewa. Mwaliko ulitueleza kwamba vijana saba, wote wajukuu na vitukuu wa watu waliotoka Unguja, Pemba na Mombasa, wameziweka simu zao kando na kurudia kamera za mababu. Picha zilikuwa 43. Tulikwenda tukidhani tutaandika shukrani fupi kwa vijana kisha turudi kwenye kazi zetu. Mambo hayakwenda hivyo, na sababu yake msomaji ataiona kabla hatujamaliza.

Mlangoni paliwekwa meza yenye kamera zenyewe: Brownie mbili za boksi, moja imebanduka ngozi, kamera ya Kijerumani ya kukunja, ambayo mfuko wake wa ngozi hujikunjua kama kodiani ya taarabu, Rolleiflex ya macho mawili, na Leica moja ambayo mwenyewe hakukubali iguswe. Wazee waliofika walisimama mbele ya meza ile muda mrefu kuliko waliosimama mbele ya picha. Mmoja aliinyanyua Brownie, akaitia sikioni, akabofya, akasema, "Sauti ile ile." Hakuongeza neno.

Kwanza tueleze vipi jambo hili linawezekana, maana wengi wanadhani filamu zimekwisha duniani. Brownie ya kwanza Kodak waliitoa mwaka 1900 na kuiuza kwa dola moja. Mwaka uliofuata ilikuja Brownie Nambari 2 pamoja na filamu ambayo leo inajulikana kwa nambari 120, na filamu hiyo haijaacha kutengenezwa mpaka hivi sasa. Kwa hiyo boksi alilonunua mzee kabla ya vita vya pili linaweza kutiwa filamu mpya leo jioni likatoa picha nane, kila moja ya sentimita sita kwa tisa. Wenye kamera zinazotaka filamu nambari 620 hawana bahati hiyo. Ni filamu ile ile, ila kigurudumu chake ni chembamba zaidi, na Kodak waliacha kuiuza mwaka 1995. Basi vijana hawa hujifungia gizani wakaihamisha filamu kutoka kigurudumu kimoja hadi chengine kwa kupapasa. Tuliambiwa mmoja wao huifanya kazi hiyo chini ya blanketi, na mama yake akidhani mtoto anaumwa. Mwengine husafisha filamu zake kwa kahawa ya kopo, magadi ya kufulia na vitamini C. Picha hutoka kweli, zina chembechembe na rangi ya udongo kidogo. Hatuna ugomvi naye madhali haigusi kahawa ya dele.

Kwenye bango la mlangoni iliandikwa kwamba neno "kamera" limetoka katika Kiarabu, "qumra", na kwamba aliyeliunda ni Ibn al-Haytham. Tunaomba liondolewe. Neno ni la Kilatini na maana yake ni chumba. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Kairo takriban mwaka 1040, hahitaji sifa ya kubuniwa. Aliandika risala nzima juu ya nuru ya jua lililopatwa, vipi inapopita katika tundu dogo huchora ukutani umbo la hilali. Hiyo inamtosha, na inatutosha na sisi.

Sasa tuje kwenye picha.

Zaidi ya nusu yake zilipigwa Unguja katika safari za likizo, na nyingi katika hizo ni za milango. Mlango wa misumari ya shaba, mlango uliopasuka, mlango wenye kufuli, mlango wenye paka. Kisha baraza tupu, ngalawa tupu, ngazi isiyo na mtu. Zimechapishwa kwa rangi ya kahawia, pembe zimeingia giza, na pale mwanga ulipovuja ndani ya boksi bovu pamebaki utepe mweupe ambao mpigaji, badala ya kuuonea haya, ameukuza. Hakuna hata moja iliyoandikwa tarehe. Tulimuuliza kijana mmoja amekusudia nini, akatujibu kwa adabu, "Ami, nilitaka Unguja ionekane kama alivyoiona babu."

Hapa ndipo tunapokhitilafiana naye. Babu yake hakuiona hivyo. Albamu za familia zilizosalimika tumezipitia kwa miaka mingi, za watu wa Malindi na wa Ng'ambo, wa Wete na wa Mombasa, na ndani yake hatukumbuki kukuta picha ya mlango. Mlango umo, lakini mbele yake amesimama mtu: bwana harusi, mtoto aliyehitimu Kurani, ami aliyerudi Bombay na saa mpya mkononi. Filamu ilikuwa fedha. Boksi lilikuwa na picha nane, na hakuna baba aliyekuwa tayari kuitoa moja katika nane kwa ajili ya mbao. Walipiga Sikukuu ya Mnazi Mmoja, timu ya mpira, gari la jirani ambalo kila mtu alitaka kuliegemea, meli inayong'oa nanga na mikono inayopunga. Kuupiga picha mji ule bila ya kumpata mtu ingekuwa kazi.

Vijana wetu wameifanya kazi hiyo. Wamengoja watalii wapite, wameziacha nje ya picha waya za umeme na madishi ya televisheni, na mji waliotuletea ni mji ambao hakuna aliyepata kukaa ndani yake. Wanaokaa humo leo, ambao nao wana harusi zao na watoto wao wanaohitimu, hawamo pia. Hili la pili linatuuma zaidi, na hatuwatupii lawama vijana peke yao. Ni sisi wazee wao tuliowasimulia kana kwamba mji ulifunga milango yake siku tuliyoondoka.

Kuna na madhara mengine, yanayogusa kazi yetu. Wiki chache baada ya maonyesho, mojawapo ya milango ile ilitufikia kwa simu kutoka kwa jamaa aliyeko Dubai, naye kaipata kwa mtu wa London. Chini yake imeandikwa: "Unguja, 1952." Watu walikwisha kuingia katika mabishano. Mmoja anasema ni nyumba ya bibi yake mzaa mama, mwengine anamkatalia na kutaja mtaa mwengine kabisa, wa tatu anaomba dua kwa waliokaa humo. Kama tusingaliiona picha hiyo ukutani kwa macho yetu, na mpigaji wake amesimama pembeni na viatu vya michezo, tungaliamini na sisi. Ina kila dalili tuliyofundishwa kuitafuta: umbo la fremu, ulaini wa lenzi kwenye pembe, hata mkwaruzo. Kijana hakumdanganya mtu. Ila hakuandika kitu nyuma ya picha, na asiyeandika huandikiwa na wengine. Tunafikiria mtafiti wa miaka 50 ijayo, atakayeikuta ndani ya sanduku la familia pamoja na picha za 1952 za kweli, karatasi kwa karatasi, na hatakuwapo wa kumwambia.

Chumba cha pili kilikuwa na picha za kujipamba. Binamu wamevishwa nguo za bibi na babu, marinda, barakoa, joho na jambia, wakawekwa mbele ya pazia lililochorwa. Mmoja amevaa barakoa pamoja na kanga ya jikoni, jambo ambalo bibi yake angalicheka mpaka akakaa chini. Tusiwe wakali. Picha ya Sayyida Salme inayojulikana kuliko zote, akiwa amevaa mavazi ya kwao, haikupigwa Unguja. Aliondoka Unguja mwaka 1866, na picha hiyo ilipigwa studio huko Hamburg baada ya kuolewa na kuhamia Ujerumani. Wangapi wetu tumeitazama tukidhani tunatazama Unguja? Mhamaji kuvaa nguo za kwao mbele ya kamera ya ugenini ni desturi yenye umri mkubwa, na vijana hawa hawakuianzisha. Tofauti ni kwamba picha zao zinachekesha, wenyewe wanacheka ndani yake, na kwa hilo hazimpotezi mtu. Tulizipita haraka.

Tulichokaa nacho ni ukuta wa nyuma, wenye picha kumi na mbili za mraba za mpigaji mmoja, binti wa miaka ishirini na kitu anayesomea famasia. Ametumia Rolleiflex ya babu yake, na amekwenda nyumba kwa nyumba hapa Omani, Maskati, Nizwa na Ibra, kuwapiga picha bibi zetu.

Studio za Unguja, tangu ile ya A. C. Gomes katika karne ya kumi na tisa hadi Capital Art Studio aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, zilikuwa na utaratibu unaoeleweka: mtu alikwenda kwao, akasimama mbele ya pazia lao, akatoka na sura aliyoitaka. Binti huyu amegeuza. Amewafuata bibi majumbani mwao na kuwapiga pale pale walipokaa, na hakuondoa kitu. Kiyoyozi kimo, rimoti imo, mifuko ya dawa kutoka hospitali imo, na bakuli la kashata lililofunikwa kwa kawa. Mtafiti wa miaka 50 ijayo hatahitaji tarehe kuijua zama, ingawa tarehe ameiandika.

Kamera yenyewe imemsaidia kwa namna ambayo simu isingeweza. Rolleiflex hushikwa usawa wa tumbo. Mpigaji hainyanyui machoni, bali huinamisha kichwa akatazama kioo kilicho juu yake, na ndani ya kioo hicho kulia huwa kushoto, kwa hiyo lazima aende polepole. Mjukuu aliyesimama na simu humpiga bibi yake aliyekaa kutoka juu, na bibi hutoka mdogo, amedidimia kitini. Kwa Rolleiflex bibi ametazamwa usawa wa uso wake au kutoka chini kidogo. Amekaa kama mwenye nyumba. Bibi mmoja, tuliyemkuta pale akiangalia picha yake, alitwambia alipomwona mjukuu ameinama kimya alidhani anamsomea dua, akaitikia amina.

Filamu moja hutoa picha kumi na mbili tu, na sebule zetu zina giza kwa mapazia. Imembidi binti aache kamera wazi nusu sekunde, wakati mwengine sekunde nzima, juu ya kigoda au rundo la vitabu. Katika picha ya tano mkono wa bibi anayemimina kahawa umepotea, umekuwa moshi, na uso umetulia kama jiwe. Wapo waliosema hiyo ni picha iliyoharibika na haikustahili kutundikwa. Sisi tungaliitundika mwanzo. Ni kosa, lakini ni kosa lililotokea kwa sababu bibi alikuwa na kazi ya kumkirimu mgeni na hakukubali kuiacha kwa ajili ya kamera. Utepe wa mwanga kwenye milango ile unatuonyesha boksi bovu tu.

Picha mbili za mwisho ndizo zilizotuchelewesha.

Ni za bibi mmoja, kwenye kiti kimoja, pembeni mwa dirisha moja, na bila shaka zimepishana dakika chache tu. Begani amejitanda shali ya hariri. Katika picha ya kwanza sura yake ni ile tunayoijua, maji ya kunde, na shali ina kijivu cha wastani. Katika ya pili uso umeingia weusi mwingi, midomo zaidi, mikunjo imekuwa mifereji, na shali ni nyeusi kama mkaa. Ukizitenganisha utasema ni watu wawili, na pengine utasema ni watu wa daraja mbili. Chini ya kila moja limeandikwa jina la filamu na tarehe, basi.

Elimu yake ni hii. Vioo na filamu za mwanzo ziliathiriwa na mwanga wa buluu tu. Ndiyo maana katika picha za karne ya kumi na tisa mbingu ni nyeupe tupu. Mwaka 1873 Hermann Vogel, Mjerumani, aligundua kwamba zikitiwa rangi maalumu huweza kuuona na ukijani. Wekundu ulibaki nje. Vioo vinavyoona rangi zote vilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1906, lakini filamu za watu wa kawaida zilichukua muda mrefu zaidi. Verichrome, filamu ambayo Kodak waliitoa mwaka 1931 kwa ajili ya kamera za nyumbani, haikuuona wekundu, na ilibadilishwa kwa ile inayouona mwaka 1956. Filamu isiyouona wekundu huutoa kama giza. Kitambaa chekundu huwa cheusi. Ngozi yetu, ambayo uzuri wake mwingi uko katika wekundu na hudhurungi, hutoka nyeusi kuliko ilivyo, na buluu kwa upande wake hutoka nyepesi. Ilford wa Uingereza bado wanatengeneza filamu ya namna hiyo, na ndiyo aliyoitia binti katika picha ya pili. Shali ni nyekundu.

Tuliijua shali hiyo kabla hatujaambiwa, na hapa inatubidi tuseme tuliyoyafanya.

Miaka mingi nyuma familia moja ilituomba tuwaandikie kijitabu cha nasaba yao, wakatupa na picha za kutia ndani. Moja ilikuwa ya miaka ya thelathini, imepigwa shamba kwa kamera ya nyumbani. Wanaume watatu wamekaa vitini na kanzu nyeupe, watoto chini mkekani, na pembeni, hatua mbili kutoka kwa wengine, mwanamke amesimama. Uso wake ni mweusi sana na nguo aliyojitanda ni nyeusi. Hatukumuuliza mtu. Tuliisoma nguo kuwa ni kaniki, tukasoma masafa yake na wenziwe kuwa ni adabu ya mtumishi, tukaandika chini ya picha majina ya wanaume, tukawahesabu watoto, na mwisho tukaandika: "pamoja na mtumishi wa nyumba." Kijitabu kilichapishwa.

Mwezi haukwisha simu ikalia. Ni bibi huyu huyu wa kwenye kiti. Alitusalimia vizuri, akatuulizia afya na watoto, kisha akasema, "Yule uliyemwandika mtumishi ni mama yangu." Akatueleza kwamba mama yake alisimama pembeni kwa sababu alikuwa akiwazuia watoto wasikimbie, na kwamba shali ilikuwa nyekundu, ya hariri, aliyoletewa siku ya arusi. Tuliomba radhi. Tuliahidi kusahihisha. Hatukusahihisha.

Tuseme ukweli wa kwa nini. Si uvivu. Ndani ya nafsi yetu hatukumwamini. Tulisema kimoyomoyo kwamba mtoto hawezi kumkubali mama yake katika hali hiyo, kwamba familia nyingi za kwetu zina mabibi ambao nasaba huandikwa kwa kuwaruka, waliokuwa masuria au watoto wa masuria, na kwamba kumbukumbu hupamba ilhali picha haipambi. Tuliona ni uaminifu wa mwanahistoria kushikamana na picha. Shali nyekundu ipi? Tunaiona kwa macho yetu, ni nyeusi.

Binti wa famasia ni kitukuu wa mwanamke yule. Shali imo sandukuni mpaka leo, imeliwa na nondo upande mmoja, na ndiyo aliyomvisha bibi yake begani. Alitukuta tumesimama mbele ya picha zake mbili, akatwambia, "Shikamoo, Ami." Tukaitikia. Akangoja kidogo, akasema, "Bibi alitaka uione mwenyewe." Hakusema zaidi, wala hakuwa na haja.

Tumeirudia picha ya shamba mara nyingi tangu siku hiyo. Kiasi gani cha weusi ule ni cha mwanamke na kiasi gani ni cha filamu hakuna awezaye kusema sasa. Lakini filamu haibebi lawama yote, na tusingependa msomaji adhani tunajificha nyuma ya Verichrome. Filamu ilizidisha giza la uso na kuligeuza vazi. Haikuandika "mtumishi". Hata kama mama yule angekuwa mweusi kweli kwa kadiri ile, na kama nguo ingekuwa kaniki kweli, bado angekuwa mama wa nyumba hiyo, kama walivyokuwa wengi katika nyumba zetu. Rangi ilitutosha kumtoa katika familia yake, na tukaiita hiyo elimu. Tunajiuliza ni picha ngapi nyengine tumezisoma hivyo katika miaka 40 ya kazi, na ni vijitabu vingapi, vyetu na vya wenzetu, vimewaandika watu kwa nuru ambayo kamera haikuiona.

Kwa sababu hii hatuwezi kukubaliana na rafiki yetu mmoja, mwanahistoria vilevile, aliyetwambia kwamba kamera hizi ni mchezo wa watoto wenye nafasi na fedha. Milango ni mchezo, hilo tunamkubalia, na ni mchezo wenye madhara. Lakini picha mbili zile ni kazi ambayo sisi tuliosomea tulipaswa kuifanya kabla ya kuandika neno juu ya albamu ya mtu yeyote: kuchukua kifaa kile kile, filamu ya namna ile ile, kitambaa ambacho rangi yake inajulikana, na kuona kinatokaje. Gharama yake ni filamu moja na asubuhi moja. Tungependa ifanywe na zaidi. Kanga za rangi mbalimbali zipigwe kwa filamu hii, na joho, na vilemba vya mistari, na nyuso za watu wa rangi zetu zote wakikubali, ili kila mwenye albamu nyumbani apate cha kulinganishia. Ikiwa vijana saba hawa wataiacha milango kwa msimu mmoja na kuifanya kazi hiyo, kamera za babu zao zitakuwa zimetufaa. Na waandike nyuma ya kila picha, kwa penseli laini, tarehe, mahali, filamu na majina ya watu, hata kama ni ya mlango. Wino hupenya.

Leica iliyokuwa mezani, kwa taarifa ya waliouliza, haikutumika katika picha hata moja. Mwenyewe anasema bado hajapata kitu kinachostahili.

Kuhusu kijitabu, nakala zilizobaki kwetu tumezitia karatasi ya masahihisho, na wenye nakala majumbani tunawaomba wafute kwa mkono wao maneno ya mwisho yaliyo chini ya picha ya shamba na kuandika hivi: "Aliyesimama kulia, mwenye shali nyekundu, ni mama wa nyumba." Jina lake bibi ametupa, tumemsomea tulivyoliandika, amelisahihisha herufi moja, na limo katika karatasi hiyo.